Saa ya Arvid Haikujua Kunyamaza

Arvid Kemppainen hakuomba saa. Saa alikuwa nayo, ile aliyopewa na mgodi siku ya kustaafu, na kama ilikosea ilikosea kwa kiasi kile kile kila siku, kwa hiyo mtu ukishaizoea haikuwa na neno. Lakini mwezi wa Desemba alipanda ngazi kukwangua theluji juu ya paa, akashikwa na kizunguzungu, akashuka na kujiketia kwenye lundo la theluji apumue. Jirani akamwona. Majirani wa huku kwetu wanaweza kukaa wiki nzima bila kukusalimia, ila ukikaa juu ya theluji kidogo tu wanapiga simu, na simu ikapigwa mjini Milwaukee kwa binti yake, Kristin.

Krismasi ilipofika, saa mpya ikafika nayo. Ilikuwa nyeusi, nyororo, na mgongoni ilikuwa na vijitaa vya kijani vilivyochungulia damu ya mtu bila hata kubisha hodi.

"Baba, hii inapima mapigo ya moyo, hewa kwenye damu, usingizi, kila kitu," Kristin alimwambia kwenye simu. "Ukianguka, inanipigia mimi."

"Na nikikaa?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Mara ile sikuanguka, nilikaa."

"Utaivaa mpaka Pasaka. Pasaka ikifika ukaniambia haifai, nairudisha dukani na sitasema neno. Lakini ukiivua kabla ya hapo nitaona huku kwenye simu yangu, na nitakuja kukuchukua uhamie kwetu. Chumba kipo."

Arvid alikijua kile chumba. Dirisha lake linatazama ukuta wa maegesho ya magari. Akaivaa saa.

Na kwa kuwa sikio lake moja lilibaki mgodini, Kristin alikuwa ameipandisha sauti mpaka mwisho. Ilizungumza kwa sauti ya mwanamke mpole, mwenye adabu, asiyejali hata kidogo yuko wapi na nani anasikia.

Arvid ni mtu wa haki, akajitahidi kuipima saa bila chuki. Ilimwambia alilala vibaya, jambo ambalo alilijua, kwa sababu alikuwepo. Ilitaka kuchajiwa kila jioni, kama paka anayedai maziwa. Kwa upande mwingine, ilionyesha saa sahihi, na gizani iliwaka, ukaweza kuona njia ya kwenda msalani. Halafu kulikuwa na ile tabia yake ya kumwamrisha mtu asimame akikaa muda mrefu. Jumapili moja mchungaji akiwa katikati ya mahubiri marefu kuhusu uvumilivu, saa ikasema, "Ni wakati wa kusimama!" Arvid akasimama. Sisi Walutheri hatuulizi. Mtu mmoja akisimama, wote tunasimama. Kanisa zima likainuka na kufungua vitabu vya nyimbo, mpiga kinanda akaanza kupiga, na mchungaji akabaki ameshika karatasi zake za mahubiri ambazo hakuna aliyezitaka tena. Tulifika nyumbani chakula kikiwa bado cha moto. Wako watu mpaka leo wanaihesabu hiyo kuwa ndiyo faida kubwa kuliko zote za saa ile.

Lakini kanisani Arvid hakuwa na la kupoteza. La kupoteza alikuwa nalo Alhamisi.

Alhamisi, ukumbi wa zimamoto unageuka ukumbi wa karata. Gari la zimamoto linatolewa nje likae kwenye theluji, meza zinapangwa, kahawa inachemka, na kila mtu anakaa mkabala na mwenzake wa mchezo. Mwenzake Arvid alikuwa Verna Lahti. Verna aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na hadi leo akigeuka kukutazama unajikuta umekaa vizuri. Mumewe alifariki zamani. Mke wa Arvid, Lois, alifariki miaka ya karibuni. Wote wawili walianza kucheza pamoja kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki bila mwenza. Hayo ndiyo maelezo ya ukumbini. Maelezo ya Arvid, ambayo hakumpa mtu, ni kwamba aliishi siku sita ili aifikie ya saba, na kwamba Verna alipokuwa akigawa karata yeye hakuona karata. Hakuwahi kusema. Huku kwetu mtu akimpenda mtu, anamwambia kwamba tairi lake la mbele limepungua upepo.

Mkabala wao, au niseme ubavuni mwao, walikaa Delbert Rautio na mkewe Gladys. Delbert aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani maisha yake yote, akazoea watu kumpisha. Yeye ndiye mlinzi wa kanuni za ukumbi, na kanuni kuu ni moja: hakuna kumpa mwenzako ishara. Si neno, si jicho, si mguno. Onni Saarela alikohoa kila aliposhika karata nzuri, akafukuzwa. Siku hizi anacheza na Wakatoliki ng'ambo ya mto.

Alhamisi ya kwanza ya Januari, saa ilikuwa gumzo kabla karata hazijakatwa.

"Hebu nione," alisema Verna, akamshika Arvid mkono na kuugeuza kuelekea taa. "Daktari wangu kaniambia na mimi ninunue. Inafaa?"

Mpaka dakika ile Arvid alikuwa amekusanya mabaya ya saa ya kutosha kujaza gunia. Yote yakayeyuka. "Inafaa sana," akasema. "Inapima... inapima hewa."

"Hewa ipi?"

"Ya kwenye damu."

"Na isipokuwepo?"

"Nadhani inakwambia."

Delbert akacheka mpaka meza ikatikisika. "Mimi ninaye Gladys! Ananiambia nimelala vibaya, nimekula mno, nisimame, nikae, nivae kofia. Tena hahitaji kuchajiwa."

"Nahitaji," alisema Gladys bila kuinua macho kwenye soksi aliyokuwa akiifuma. "Hujawahi kugundua tu."

Verna bado alikuwa amemshika Arvid mkono. Ndipo saa, kwa sauti yake ya upole iliyofika mpaka kwenye birika la kahawa, ikasema:

"Mapigo ya moyo wako yamepanda. Je, unafanya mazoezi?"

Meza zote zikageuka. Arvid akauvuta mkono wake na kuuficha chini ya meza. "Ni mpya," akasema. "Bado inajifunza."

Wakaanza kucheza. Ikatokea, kwa bahati yake mbaya, kwamba karata alizogawiwa zilikuwa nzuri ajabu: ghulamu wa turufu, karata kubwa kuliko zote, na nyingine za kumfuata. Aliyegawa alikuwa Verna, na alipomsukumia ya mwisho alimtabasamia. Saa ikauliza tena kama anafanya mazoezi. Arvid akaita turufu, akala kila kitu. Delbert alimtazama, akaitazama saa, na kichwani mwake ule mtambo mzito wa kusukuma theluji ukaanza kuwaka.

Toka siku ile, kila saa ilipopiga kelele Delbert alinywea. Hakuthubutu kuita turufu, aliacha karata nzuri zikafa mkononi, akimwogopa ghulamu ambaye mara nyingi alikuwa mkononi mwake mwenyewe. Arvid na Verna wakashinda wakiwa na takataka tupu. Januari ikaisha hivyo, Februari nayo, na Machi ilipofika walikuwa wanaongoza msimu mzima, wanakaribia kumtwaa yule samaki. Samaki huyo amekaushwa na kubandikwa kwenye ubao, jicho moja limetoka, na mshindi ana haki ya kumtundika sebuleni mwaka mzima. Hamna mwenye akili timamu anayemtaka. Watu wamenuniana miaka kwa ajili yake.

"Huu ni wizi," Delbert akatamka, wiki moja kabla ya kufunga msimu. Alisimama ili asikike. "Ile saa ni ishara. Ikilia, Verna anajua mwenzake ana ghulamu. Tofauti yake na kikohozi cha Onni ni nini? Onni angalau alitumia koo lake mwenyewe!"

"Delbert, unaniita mwizi?" Verna aliuliza polepole. Wanaume wazima watatu, waliowahi kupanda basi lake, wakaketi wima.

"Naiita saa mwizi. Nyie ni washirika."

"Basi nitaivua," Arvid akasema haraka, kisha akaukumbuka ukuta wa maegesho, akaifunika kwa mkono wa shati.

"Usiivue!" Delbert aling'aka. "Kuivua ni kuficha ushahidi. Alhamisi ijayo tutacheza mbele ya wote. Ikilia, unalaza karata zako mezani tuzione. Zikiwa nzuri, nyote wawili nje, na mtacheza na Onni."

Msidhani Delbert ni mjinga. Hakuna mtu hata mmoja ukumbini pale aliyefikiria vinginevyo. Tumekaa na theluji na ukimya wetu vizazi na vizazi, na haikumjia yeyote akilini kwamba moyo wa mtu mzima unaweza kwenda mbio kwa sababu isiyokuwa ghulamu.

Arvid alirudi nyumbani akiwa na mawazo tele. Zikiwa nzuri, atafukuzwa. Zikiwa mbaya, wataanza kujiuliza moyo ulikimbilia nini, na hilo lilimtisha zaidi. Verna akijua, akacheka, au vibaya zaidi akamhurumia, Alhamisi imekwisha. Wiki nzima alifanya mazoezi ya kutulia. Aliiweka kitini picha ya Verna iliyokuwa kwenye kalenda ya kanisa, akakaa mkabala nayo, akapumua kwa tumbo. Saa ikamuuliza kama anakimbia au anaogelea.

Alhamisi ya mwisho ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama katikati ya buti za wazimamoto. Verna aliingia amevaa sweta jekundu.

"Mapigo ya moyo wako yamepanda," saa ikasema.

"Hata karata hazijagawiwa!" mtu mmoja akasema nyuma.

"Inapasha moto," Delbert akajibu. "Gawa."

Akagawa Gladys. Verna akaokota zake, moja ikamponyoka, akainama kuiokota karibu na goti la Arvid. Saa ikauliza swali lake. "Laza!" Delbert akafoka. Arvid akalaza. Tisa ya pau, kumi ya uru, tisa ya shupaza, takataka juu ya takataka. Delbert akazigeuza moja moja na kuzitazama hata mgongoni.

Wakagawa tena. Saa ikalia tena, na karata zikawa mbaya kuliko za kwanza. Gladys akaweka soksi yake chini. Watu wanaomjua Gladys wanajua kwamba hajawahi kuweka soksi chini, hata siku jiko lake liliposhika moto.

"Verna, mpenzi," akasema, "hebu katuletee kahawa."

Verna akainuka akaenda jikoni. Wote wakamtazama Arvid. Saa kimya. Kimya kikaendelea, saa ikatoa mlio mdogo wa kuridhika na kusema kwamba sasa moyo umetulia, hongera. Mlango wa jikoni ukafunguka, Verna akatokea na birika.

"Mapigo ya moyo wako yamepanda! Je, unafanya mazoezi?"

Gladys akakunja mikono kifuani na kutabasamu. Mama mmoja kwenye meza ya pembeni akasema "Oo" kwa sauti ndogo sana. Kisha mwingine. Ilipita meza moja hadi nyingine, mpaka ikabaki meza ya Delbert peke yake.

"Kahawa!" Delbert akaruka juu. "Ishara ni kahawa! Anaenda jikoni, anaangalia karata zetu kwenye kioo cha dirisha, anarudi, saa inalia! Nilijua! Wote wawili nje! Arvid, kiri!"

Verna alisimama katikati ya ukumbi na birika mkononi, mashavu yamemwiva. Watoto wote wa mji ule walipita mikononi mwake, katika barafu na giza la asubuhi, na hakumpoteza hata mmoja. Leo anaitwa mwizi mbele yao, kwa ajili ya samaki mwenye jicho moja. Arvid alifungua mdomo aseme ndiyo, ni mimi, nimeiba, niacheni niende kwa Wakatoliki. Angejitupa mwenyewe, lakini angemtupa na Verna pamoja naye. Akasimama.

"Kaa chini, Delbert. Verna hajaiba kitu, na mimi sijaiba. Ningeibaje? Tangu Januari sijui hata nimeshika nini mkononi." Akauinua mkono wenye saa. "Moyo unakimbia kwa ajili yake. Akigawa, unakimbia. Akicheka, unakimbia. Akienda jikoni unatulia, na mimi sitaki utulie. Nampenda. Basi. Kaandike hilo kwenye kanuni zako."

Nimekaa ukumbini pale miaka mingi na sijawahi kuona watu wakiangalia viatu vyao namna ile. Na hapo hapo saa ikaona imetosha, ikampigia Kristin, na sauti ya Kristin ikatoka kwenye mkono wa baba yake mbele ya mji mzima.

"Baba! Baba, umeanguka?"

"Hajaanguka, mwanangu," Gladys akajibu, akiuinamia mkono. "Yuko wima. Amesema tu anavyojisikia."

Huko Milwaukee kikasikika kijiko kikianguka.

"Niite gari la wagonjwa?" Kristin akauliza.

Verna akaweka birika mezani. Akaja mpaka mbele ya Arvid, akaushika mkono wake na kuifungua saa. "Kristin, ni mimi Verna. Usije kumchukua baba yako kwa kuwa imevuliwa, naiazima kidogo." Akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe, akaiinua juu kwenye taa ili wote waione, akamkazia macho Arvid.

Ukumbi mzima ulijikaza kusikia. Vijitaa vya kijani vikawaka, vikazima, vikawaka. Saa haikusema neno. Wakangoja. Delbert, ambaye sasa hata yeye alikuwa ameelewa, aliinamisha kichwa kwa huruma. Saa ikatoa ule mlio wake mdogo na kutangaza kwamba moyo wa Verna umetulia kabisa, na Arvid akashika ukingo wa meza.

"Samahani," akasema. "Sikutaka kukuaibisha."

"Kaa kwanza kabla hujaanguka kweli," Verna akasema. "Mlitegemea nini? Moyo wangu ulishakimbia mbio zake zote mwaka juzi, huyu bwana aliponiletea kuni, akazipanga ukutani vizuri, akaondoka hata hodi hakupiga. Msimu mzima sikulala. Ningekuwa na kidude hiki wakati ule kingelipuka. Kisha nikazoea. Ukapunguza mwendo, ukakaa." Akaivua saa, akamrudishia. "Mashine hii inamjua mtu anayekimbia, Arvid. Mimi nilishafika zamani. Nilikuwa nakungoja wewe useme, na nilishaanza kuchoka kungoja."

Maneno yake ya mwaka mzima Arvid alikuwa ameshayatumia. Alifunga saa mkononi kinyumenyume, akapenga kamasi kwa sauti kubwa.

"Kwa hiyo," Delbert akasema baada ya kukohoa, halafu akastuka kwamba amekohoa, "kwa hiyo... si kahawa?"

"Gawa karata, Delbert," Gladys akamwambia.

Delbert akagawa. Na hapo Arvid, kwa mara ya kwanza msimu ule, akazitazama karata zake. Zilikuwa nzuri mno: maghulamu wawili, ushindi mtupu, samaki yuko ukutani tayari. Alizifurahia hivi kwamba akataka kuonyesha yeye ni mchezaji, akaipoteza bure turufu yake kubwa kwenye mzunguko ambao Verna alikuwa ameshaushinda mwenyewe. Ukumbi ukaguna kwa maumivu. Delbert akala zilizobaki, na samaki akaenda kwake, akibebwa juu juu kama mtoto mchanga.

Verna hakusema lolote, kanuni ni kanuni. Ila chini ya meza alimkanyaga Arvid mguu, kwa hasira halali ya mchezaji, kisha akausahau mguu wake pale pale.